Kubali Vyote

Machimboni
Jumanne, 28 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Dereva wa lori anasema ulimpa chai. Asante.

Nina swali la kompyuta. Wewe unakaa nazo maktaba kutwa nzima, utajua.

Kuna rafiki yangu hapa, mkata mawe kama mimi. Unajua simu zetu hazishiki huku shimoni. Mtandao uko ofisini kwa Msimamizi tu. Msimamizi humwita huyu rafiki achague misumeno kwenye kompyuta, kwa sababu rafiki anajua meno ya msumeno kwa macho.

Alhamisi mchana Msimamizi alitoka kwenda kula. Rafiki akabaki peke yake mle ndani. Akaandika kwa kidole kimoja: kikohozi kikavu cha mkata mawe. Ukatokea ukurasa wa hospitali. Kabla hajasoma, kibao kikaziba katikati ya kioo. Kimeandikwa Kubali Vyote, kwa kijani, kikubwa. Chini yake kuna maneno madogo, hakuyasoma. Akabonyeza kijani. Miaka ishirini na mbili anaambiwa lete analeta, beba anabeba. Ameulizwa kama anakubali, akakubali.

Akasoma. Akafunga. Akaenda kula.

Jana kaitwa tena kuchagua misumeno. Ukurasa ni ule ule wa misumeno wa siku zote. Lakini pembeni kuna picha ya kifua cha mtu, mbavu zote nje, na maneno: Kifua chako kinasema nini? Msimamizi yuko kushoto kwake. Rafiki akaweka kiganja kwenye kioo, akajifanya anafuta vumbi.

Sasa anauliza. Wauza misumeno wamejuaje habari ya kifua?

Jibu upesi. Tarehe moja Julai tunaingizwa kazi ya kudumu. Wa kudumu akiumwa, kampuni inamtibu. Kibarua akikohoa anaambiwa apumzike. Tangu mwaka uanze wamepumzika watatu. Hakuna aliyerudi.

Kula vizuri.

Baba yako


Maktaba
Jumatano, 29 Mei

Baba,

Shikamoo. Dereva amenipa nusu saa, anakula mkate getini na kumchokoza mlinzi wetu. Naandika mbio.

Msalimie rafiki yako wa kidole kimoja. Na wewe ni wa kidole kimoja. Mkikaa pamoja mtafikisha viwili.

Hicho kitu kinaitwa kuki. Vitabuni wanaandika vidakuzi. Unakijua kile kipande cha bati chenye namba, anachowapa mlinzi wenu asubuhi mkiingia? Mkitoka na kurudi, anatazama bati, anawajua. Ndivyo hivyo. Ukifungua tovuti, inaacha kipande kidogo cha maandishi ndani ya kompyuta yako. Kesho ukirudi inakisoma, inasema huyu alikuja jana.

Vingine ni vya kazi. Ndiyo sababu Msimamizi wenu haandiki neno la siri kila asubuhi, na misumeno mliyochagua jana leo bado imo kikapuni. Hivyo havina neno.

Vingine si vya mwenye nyumba. Ule ukurasa wa hospitali umepangisha ukuta wake kwa watu wa matangazo, nao wanagawa bati lao wenyewe. Na watu hao hao wamepanga ukuta kwa wauza misumeno. Rafiki alipobonyeza kijani, walimvisha bati hospitalini. Alipofika kwenye misumeno wakalisoma. Jina lake hawalijui. Wanajua tu kwamba kwenye kompyuta ile kuna mtu anaulizia kifua.

Yale maneno madogo ndiyo yalikuwa ya kukataa. Huwa wanayaficha hivyo makusudi. Siku nyingine atafute Kataa, au Chagua, halafu aache vile vya kazi peke yake.

Na anakohoa tangu lini huyo rafiki? Anatema damu? Amepungua? Mwambie aende hospitali ya kweli.

Binti yako


Machimboni
Ijumaa, 31 Mei

Mwanangu,

Nimesoma mara tatu. Bati nimeelewa. Nilidhani alama inakaa kwao, kumbe wameiweka mfukoni mwetu.

Rafiki hatemi damu. Hajapungua. Acha hayo.

Mambo yameharibika. Jana asubuhi Msimamizi alitupanga mstari kabla misumeno haijawashwa. Akasema, "Nani anatumia kompyuta yangu kwa shida zake?" Akasema tena, "Nitamjua tu." Halafu akapita mstari mzima taratibu. Hatazami nyuso. Anatazama vifua, vinavyopanda na kushuka.

Rafiki alibana pumzi mpaka machozi yakamtoka. Huwa anakohoa msumeno ukiwaka. Ukizimwa anameza.

Ofisini tunaingia watatu tu. Msimamizi, mimi na Mfupi. Mimi huwa nampelekea Msimamizi vipimo vya mawe. Mfupi ni yule mrefu ninayelala naye chumba kimoja, ndiye anafagia. Mwaka jana alikamatwa mle ndani anatazama mpira, akapewa onyo. Sasa macho yote kwake. Yeye anacheka. Anasema, "Kifua changu kizima, mzee wangu, kibovu ni kichwa."

Na matangazo yanazidi. Sasa kuna mashine ya kulala nayo, ya pumzi, ina bomba kama la pikipiki. Rafiki hakuulizia hiyo. Kuna na chai ya majani ya mapafu. Hakuulizia.

Nieleze namna ya kuzitoa. Eleza kama kwa mtu mzima asiyejua kitu. Usimwulize rafiki maswali.

Baba yako


Maktaba
Jumamosi, 1 Juni

Baba,

Shikamoo. Dereva leo ana haraka, amekataa hata chai, anapiga honi.

Afanye hivi. Afungue mtandao. Juu kulia kuna nukta tatu zimesimama, abonyeze. Atafute Mipangilio. Ndani yake Faragha. Ndani yake Kuki. Humo ataona orodha ya tovuti zote zilizoacha vipande vyao. Kando ya kila moja kuna picha ya pipa la taka. Hapo anafuta. Pia kuna mahali pameandikwa kuzuia kuki za wengine, yaani wale waliopangishwa ukuta. Aziwekee kizuizi.

Kuna jambo jing

Honi. Nitaandika tena.

Binti yako


Maktaba
Jumapili, 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Naandika leo ingawa lori haliondoki huku mpaka Jumatano asubuhi. Nimelala vibaya kwa sababu ya barua ya jana.

Chini ya ile orodha kuna kitufe cha Futa Vyote. Mwambie asikiguse. Akikigusa vinaondoka vyote, pamoja na vile vya kazi. Kompyuta itamsahau Msimamizi mwenyewe. Kila mahali itamwuliza neno la siri upya, na kikapu cha misumeno huenda kikawa kitupu. Atajua saa ile ile kwamba mtu ametia mkono.

Afute moja tu, ile ya hospitali aliyoingia, na zile za matangazo zenye majina ya ajabu ajabu. Nyingine aziache.

Na ajue kwamba kufuta kuki hakufuti yale waliyokwisha kuandika kwao. Wala hakufuti orodha ya kurasa alizofungua, hiyo inaitwa Historia, iko mahali pengine.

Baba, nasema "mwambie" kwa sababu wewe unasema "rafiki".

Binti yako


Machimboni
Jumanne, 4 Juni

Mwanangu,

Imefanyika. Imefanyika vibaya.

Jana saa saba Msimamizi alienda kula. Niliingia na vipimo vya mawe mkononi, mtu akiniuliza niwe na jibu. Rafiki alikuwa anaogopa, nikamfanyia mimi. Nukta tatu nikaziona. Mipangilio nikaiona. Faragha. Kuki.

Orodha ni ndefu mwanangu. Ya tovuti ninazozijua ni misumeno na mafuta ya mashine. Nyingine zote sizijui. Hospitali zilikuwa nne. Rafiki aliingia moja. Nikasema kumbe hivi vitu vinazaa. Nikatafuta kipi cha rafiki, sikulikumbuka jina. Nikaanza na pipa la kwanza. Nje nikasikia viatu vya Msimamizi kwenye kokoto. Chini kabisa nikaona Futa Vyote. Nikabonyeza. Nikatoka nimeshika vipimo vyangu, nikamsalimia mlangoni.

Hazikupita dakika kumi. Mimi aliniona na vipimo tu, mwenye onyo ni Mfupi. Aliita jina la Mfupi mpaka kule kwenye misumeno tukasikia.

Kompyuta imemkataa. Inamwuliza neno la siri kila anapogusa. Misumeno tuliyochagua wiki nzima haimo kikapuni. Lakini hakufoka. Ndicho kilichonitisha. Msimamizi akifoka kuna nafuu. Safari hii alisema polepole, "Umefuta nini? Umeona nini?" Mfupi akasema, "Bosi, nimeona vumbi, nimefuta vumbi." Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka. Akachukua daftari la zamu, akalikata jina la Mfupi mbele yetu.

Ameambiwa asubiri chumbani mpaka Jumanne ijayo, apewe hesabu yake, lori limchukue. Wiki nne kabla ya kazi ya kudumu.

Jana Mfupi alikaa kitandani anafunga kamba za viatu, anazifungua. Akaniuliza, "Mzee wangu, wewe una akili za misumeno, niambie. Mtu anaweza kufukuzwa kwa kufagia?"

Niambie la kufanya.

Baba yako


Maktaba
Jumatano, 5 Juni

Baba,

Shikamoo. Humu kwenye bahasha kuna barua mbili. Ile ya Jumapili ilikuwa ya kukuzuia. Imechelewa. Isome hata hivyo.

Sasa nisikilize. Kuki hazizai.

Tovuti haiachi kipande mpaka mtu aifungue, au afungue ukurasa ilikopangisha ukuta. Hospitali ya pili haiwezi kujiweka yenyewe kwenye orodha. Ya tatu haiwezi. Kuna mtu amezifungua kwenye kompyuta hiyo. Na ile mashine ya pumzi, na majani ya mapafu, unasema hakuna aliyeziulizia. Mtu aliziulizia, baba. Zaidi ya mara moja.

Umesema ofisini mnaingia watatu. Sitaandika zaidi ya hapo, karatasi hii inapita mikono mingi.

La pili. Najua rafiki ni wewe. Nilijua tangu mstari wa kidole kimoja. Mama alipoumwa uliniandikia kwamba ana homa kidogo. Homa kidogo, barua tatu nzima, mpaka nimalize mitihani. Nilimaliza. Nilirudi nikakuta viti vimetolewa nje na watu wamekaa. Miaka minne sijakuuliza, kwa sababu wewe ni baba yangu na ulikuwa umekonda. Leo nakuuliza. Unakohoa tangu lini?

Ukinijibu "acha hayo" nitapanda hilo lori nije.

Binti yako


Machimboni
Ijumaa, 7 Juni

Mwanangu,

Tangu Novemba.

Usije. Huku hakuna pa kulala mwanamke.

Nimesoma habari ya watatu. Mfupi hajui hata kuandika jina lake kwenye kompyuta, yeye anabonyeza mpira tu. Mimi nimeingia hospitali moja. Anayebaki ni mmoja. Sijui nimwambieje mtu wa namna hiyo kwamba nimeona orodha yake.

Nikinyamaza, Jumanne Mfupi anapanda lori. Mimi tarehe moja nasainiwa. Natibiwa. Nikisema, napanda mimi. Na kifua hiki nani atakitibu.

Mama yako angeniambia nisemeje. Hayupo.

Barua hii nampa dereva sasa hivi kabla hajaondoka. Saa nane, Msimamizi akirudi kula, naingia ofisini.

Baba yako


Maktaba
Jumatano, 12 Juni

Baba,

Jumamosi dereva alirudi huko na barua yangu ya mistari miwili. Jana kaja mikono mitupu. Nimemwuliza, "Umemwona baba?" Anasema hakukuona getini. Nikamwuliza, "Kuna mmoja aliyepanda lori huko?" Akasema amekuja na mawe tu, lakini yeye haangalii sana nyuma.

Haangalii nyuma, na ndiye dereva.

Niandikie hata neno moja.

Binti yako


Machimboni
Ijumaa, 14 Juni

Mwanangu,

Niko. Jumanne sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Sasa ninalo.

Ijumaa ile niligonga. Akasema ingia. Nikafunga mlango mwenyewe.

Nikasema, "Bosi, Mfupi hakugusa kompyuta. Niliigusa mimi. Nilifuta mimi."

Alikuwa anaandika. Akaweka kalamu chini. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Hakuuliza. Akasema, "Uliona nini?"

"Orodha."

"Orodha ya nini?"

"Ya tovuti. Nilifuta bila kusoma zote."

"Zile ulizosoma."

Nikasema, "Hospitali nne."

Nje wenzetu wa Kundi la Pili walikuwa wameanza kukata, halafu wakazima kubadilisha jino. Pakawa kimya kabisa. Akasema, "Wewe uliingia ngapi?"

"Moja."

Aliinuka kwenda kufunga dirisha. Hakulifikia. Akakohoa. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Mwanangu, kikohozi hicho nakijua, kinaanzia chini karibu na mkanda. Yule naye amekata mawe miaka kumi na moja kabla hawajampa ofisi. Nilisahau. Wote tulisahau.

Na mimi nilikuwa nimebana changu tangu mlangoni. Kilinishinda, nikakiachia. Tukakohoa wote wawili, huyu akinyamaza huyu anapokea. Mtu akipita nje angedhani tunagombana.

Alipopata pumzi akasema, "Nilijua kuna mtu ameona. Mke wangu ameona mashine ya pumzi kwenye simu yangu, akaniuliza. Nikamwambia ni ya mzee mmoja kazini."

Nikasema, "Na mimi nilimwambia binti yangu ni ya rafiki."

Akataka kujua nani mwingine anajua. Nikatoa barua yako ya tarehe tano. Sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha kwamba Mfupi hamo. Aliisoma yote, mpaka kwa mama yako, mpaka kwenye viti. Akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Akasema, "Binti yako mkali."

Nikasema, "Kama mama yake."

Akaketi. Akasema, "Basi sikiliza. Mfupi anarudi kazini kesho. Tarehe moja nakusaini. Wewe unanyamaza, mimi nanyamaza. Umekubali?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Miaka ishirini na mbili linatoka lenyewe. Nikalirudisha. Nikasema, "Na wale watatu uliowapumzisha?"

"Wale wameshaenda."

"Wameenda na vifua vyao. Walikohoa tu kama wewe."

Akanitazama. Nikasema, "Mfupi nakubali. Kusaini nakubali. Kunyamaza sikubali. Wale watatu waandikiwe, warudi wapimwe. Wote tupimwe. Na wewe."

Akasema, "Unachagua kama unachagua misumeno."

Nikasema, "Maneno madogo nayasoma siku hizi."

Hakujibu ndiyo wala hapana. Aliokota kofia, akanionyesha mlango. Mfupi amerudi zamu Jumamosi, hajui kwa nini, anaringa. Anasema kampuni imegundua haiwezi kuishi bila fagio lake. Mimi wiki nzima sijaitwa ofisini. Misumeno anachagua mwenyewe. Ametuletea ya meno mabaya.

Kwenye daftari la wa kudumu jina langu lipo, limezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Sijui duara ni la nini.

Hayo ndiyo yote. Sikufichi kitu.

Baba yako


Maktaba
Jumamosi, 15 Juni

Baba,

Nimesoma nimesimama, halafu nimekaa chini kati ya rafu, watu wananivuka.

Sina la kukufundisha. Ila mwambie Msimamizi jambo moja, kama atakuita. Mashine ya pumzi ilimfuata mpaka kwenye simu kwa sababu simu na kompyuta vyote ameingia kwa akaunti yake ile ile. Hapo wanamjua kwa jina, hata kuki zikifutwa. Inabidi aingie kwenye mipangilio ya akaunti yenyewe, azime matangazo yanayomfuata. Siku nyingine akitaka kuuliza jambo lake, afungue dirisha la faragha. Ukilifunga, kuki zake zinakufa nalo. Hapa maktaba tunawafungulia wageni hilo, asiachiwe wa pili mambo ya wa kwanza. Ila tovuti yenyewe bado inamwona aliyeingia. Si pazia la chuma.

Mwambie kwa adabu. Usimwambie nimesema dirisha hilo lingewaokoa nyote wawili.

Hilo duara linaninyima usingizi. Likifutwa au likibaki, niandikie.

Binti yako


Kituo cha vipimo
Jumanne, 2 Julai

Mwanangu,

Naandikia goti, kwenye benchi. Dereva ametuleta mwenyewe, mawe yako juu, sisi ndani. Mbele tumebanana, dereva, Msimamizi katikati, mimi dirishani. Nyuma ya viti, kwenye kitanda cha dereva, amekaa Mfupi, anasema naye apimwe kichwa.

Jana tulisainiwa. Aliita majina, langu likawa la mwisho. Duara lilikuwa la wanaopimwa kwanza. Angesema tu. Wiki mbili na nusu nimelala na duara.

Wale watatu aliwaandikia. Sikuamini mpaka nilipowaona hapa getini, wawili, mmoja na mkewe. Hawakumsalimia Msimamizi. Alivua kofia, akabaki ameishika. Wa tatu barua imejibiwa na kaka yake. Alizikwa Machi. Msimamizi alinisomea garini, sauti ikamkatika, dereva akawasha redio halafu akaizima.

Sasa fomu. Mapokezi kuna msichana wa umri wako. Akanipa karatasi mbili, akasema, "Mzee, weka alama kote, usaini chini, foleni ndefu."

Nikamwambia foleni ingoje.

Nimesoma yote kwa kidole. Imeandikwa: Nakubali nipigwe picha ya kifua. Nikaweka alama. Nakubali majibu yangu apewe mwajiri. Nikaacha wazi. Msichana akasema, "Hapo umeruka." Nikasema, "Sijaruka. Nimekataa." Nakubali majibu yangu yatumike na washirika wetu. Nikamwuliza washirika ndio nani. Hajui. Nikaacha wazi na hapo. Msimamizi alikuwa nyuma yangu na karatasi yake. Nilimsikia naye anaanza kusoma, polepole, kwa sauti ya chini.

Chini kabisa imeandikwa: Mtu wa kujulishwa majibu.

Kalamu ikaenda yenyewe kwa mama yako. Miaka minne kila fomu ya kazi naandika yeye. Namba yake ya simu ndiyo naijua kwa kichwa. Nilishaandika herufi mbili. Nikazikata. Nikaandika wewe.

Majibu ni Ijumaa. Mimi nitakuwa shimoni, simu haishiki. Watakupigia wewe. Utajua kabla yangu.

Niandikie yote, na mpe dereva siku hiyo hiyo. Usiniambie homa kidogo.

Baba yako